Ngazi Tano za Kazi: Kipimo cha Hatari, na Funzo la Karanga za Kongwa

SOMO LA HISTORIA KWA REDIO
Maneno yaliyosomwa redioni, yamepigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima

Viongozi wa madarasa, hakikisheni kwamba kila mtu ameketi mahali anaposikia vizuri. Wale wenye kitabu hiki wakifungue, wafuate kwa kidole tunaposoma.

Leo tuna swali moja. Ni swali la kila mtu anayeshirikiana na wenzake katika kazi, awe mwanachama wa ushirika, fundi wa karakana, au mama aliyetoa fedha yake katika chama cha akiba. Swali lenyewe ni hili: Tutajuaje kama chama au mpango fulani unaweza kubeba mzigo unaotaka kujitwika, kabla mzigo huo haujauangusha?

Watu wengi hupima kwa macho. Wakiona jengo jipya, husema chama hiki kina nguvu. Wakiona matrekta yamepangwa mstari, husema mpango huu utafaulu. Wakisikia kiongozi anasema vizuri, hutoa fedha. Lakini macho huona vyombo tu. Hayaoni namna kazi inavyofanywa, na mara nyingi hatari imejificha hapo hapo.

Tutaanza na kipimo chenyewe, kisha tutaeleza kilikotoka. Halafu tutakwenda Kongwa, katika nchi yetu wenyewe, tuone jinsi mpango mkubwa ulivyoanguka baada ya mwaka 1946.

1. NGAZI TANO

Tuchukue mfano wa mtu anayepika maandazi na kuyauza.

Ngazi ya kwanza ni ya kubahatisha. Mpishi huchota unga kwa mkono bila kupima. Leo maandazi yameumuka vizuri, kesho yameungua. Akiwa na siku njema anasifiwa, akiugua biashara inasimama. Yeye mwenyewe hawezi kusema kwa nini jana alifaulu na leo ameshindwa.

Ngazi ya pili ni ya kurudia. Sasa mpishi ana kibaba chake. Kila siku unga ni ule ule, maji ni yale yale, na anajua amenunua nini na amebakiwa na nini. Kazi iliyofaulu jana anaweza kuirudia leo.

Ngazi ya tatu ni ya utaratibu ulioandikwa. Namna ya kupika imewekwa katika karatasi, na kila mwenye kazi ameifahamu. Mpishi akisafiri, binti yake anapika maandazi yale yale. Ujuzi umetoka katika kichwa cha mtu mmoja na kuwa mali ya nyumba nzima.

Ngazi ya nne ni ya kupima. Kila siku huhesabiwa maandazi mangapi yameungua, mkaa kiasi gani umetumika, na faida ni senti ngapi kwa kila andazi. Mpishi hasemi tena, "Nadhani biashara inakwenda vizuri." Anafungua daftari na kusema, "Wiki hii katika kila maandazi mia, matatu yameungua."

Ngazi ya tano ni ya kuboresha daima. Zile hesabu za daftarini zinatumika kutafuta chanzo cha hasara na kukiondoa. Mpishi ameona kwamba maandazi huungua zaidi mkaa ukiwa mpya, basi amebadili namna ya kuwasha jiko, kisha anapima tena aone kama imesaidia.

(Kiongozi wa darasa: andika ubaoni maneno haya matano, moja juu ya jingine, kuanzia chini: kubahatisha, kurudia, kuandika, kupima, kuboresha. Darasa lisome kwa pamoja.)

Angalieni jambo moja. Ngazi hizi hupandwa moja baada ya nyingine. Huwezi kupima kazi ambayo kila siku inafanywa kwa namna nyingine, maana hujui unapima nini. Wala huwezi kuboresha jambo usilolipima. Anayeruka ngazi hujidanganya.

Na hatari iko wapi? Hatari haiko katika ngazi ya chini peke yake. Mpishi wa ngazi ya kwanza anayepika maandazi ishirini, yakiungua yote amepoteza unga kidogo. Lakini mpishi huyo huyo akichukua kazi ya kulisha harusi ya watu elfu mbili, akakopa fedha za unga, na siku hiyo bahati ikamkataa, ameangamia. Hatari ni ile nafasi iliyo kati ya ngazi ya kazi na ukubwa wa mzigo. Mzigo ukizidi ngazi, jiandaeni kwa hasara.

2. KIPIMO HIKI KILITOKA WAPI?

Wazo la kupanga ukomavu wa kazi katika ngazi tano halikutoka mashambani. Lilitoka Marekani, katika viwanda na katika kazi ya kompyuta.

Mwaka 1979 Bwana Philip Crosby, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi ya kusimamia ubora wa bidhaa viwandani, alitoa kitabu kilichosomwa sana na wakuu wa makampuni. Ndani yake aliweka jedwali la hatua tano. Hatua ya kwanza ni ya wakuu ambao hawajui kwa nini bidhaa zao zina kasoro. Hatua ya tano ni ya wale wanaojua kwa hakika kwa nini hazina.

Wakati huo majeshi ya Marekani yalikuwa na shida kubwa. Ndege na mitambo yao ilitegemea kompyuta, na kompyuta haifanyi kazi bila programu, yaani yale maagizo yanayoandikwa na watu ili kuiongoza. Makampuni yaliyopewa kazi ya kuandika programu yalichelewa, yalipitisha gharama, na mengine yalileta kazi mbovu. Kila kampuni iliyoomba kazi ilisema, "Sisi ni hodari." Serikali ingejuaje ni nani anayesema kweli?

Mwaka 1984 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliweka fedha ili taasisi ya kuchunguza kazi hiyo ianzishwe katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Mwaka 1986 alijiunga nayo Bwana Watts Humphrey, aliyekuwa ametumika miaka 27 katika kampuni ya IBM. Yeye na wenzake walitengeneza orodha ya maswali na ngazi tano za ukomavu. Maelezo ya kwanza yalitolewa mwaka 1987. Mwaka 1991 kipimo kilitolewa rasmi, na mwaka 1993 kikatengenezwa upya.

Maswali yao hayakuwa ya kuuliza, "Je, mna wataalamu wazuri?" Kila mtu angejibu ndiyo. Waliuliza namna hii: Je, mnakadiria ukubwa wa kazi kwa utaratibu gani? Mnaandika wapi makosa mnayoyaona? Mtu akibadili kitu, nani anaruhusu, na inaandikwa katika kitabu gani? Aliyejibu alitakiwa kuonyesha karatasi.

Majibu yaliwashangaza wengi. Makampuni mengi mno yaliyopimwa mwanzoni, na baadhi yao yalikuwa na sifa kubwa, yalionekana kuwa katika ngazi ya kwanza. Yalikuwa yakiishi kwa jasho la mashujaa wachache waliokesha usiku kucha. Mashujaa wakichoka au wakiondoka, kazi inaanguka.

Hivyo kipimo kikawa taa ya kuonyesha hatari kabla haijatokea. Hakikusema kampuni gani itashindwa, kilisema kampuni gani inategemea bahati. Baadaye watu wa kazi nyingine pia, kama mabenki na ofisi za serikali, waliiga mtindo huo wa ngazi.

3. MPANGO WA KARANGA

Sasa turudi nyumbani. Tutatumia taa hii kumulika jambo lililotokea zamani kidogo, kabla kipimo chenyewe hakijabuniwa. Hatufanyi hivyo ili tuwacheke waliotangulia. Tunataka tuone kama dalili za hatari zilikuwapo, na kama mtu angeweza kuziona.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Watu walipewa mafuta kwa kipimo. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, watengenezaji wa sabuni na siagi ya mimea, alipeleka shauri kwa serikali ya Uingereza. Alisema karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine kubwa, nazo zitakamuliwa mafuta.

Serikali ilimtuma Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa kilimo Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, waje kuchunguza. Uchunguzi wao ulichukua muda wa wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka katika ndege. Kisha waliandika taarifa yao.

Sikilizeni ukubwa wa shauri hilo. Eka 3,210,000 zifyekwe na kulimwa. Eka hizo zigawanywe katika mashamba 107, kila shamba eka 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa kiasi cha pauni milioni 24 kwa miaka sita. Baada ya miaka michache zilitazamiwa kupatikana tani 600,000 za karanga kwa mwaka.

Serikali ya Uingereza ilikubali. Mahali pa kuanzia palichaguliwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Watu wa kwanza walifika huko mwanzoni mwa mwaka 1947. Mwaka 1948 kazi ilichukuliwa na shirika la serikali lililoanzishwa kwa ajili hiyo, chini ya Bwana Leslie Plummer. Waziri aliyehusika kule London alikuwa Bwana John Strachey, Waziri wa Chakula.

Mwaka ule wa kwanza, 1947, ilikusudiwa kufyeka eka 150,000. Mwisho wa mwaka eka zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Wanafunzi wa hesabu, tafuteni jibu: hizo ni eka 5 tu katika kila eka 100 zilizokusudiwa.

Mwaka 1949 lengo lilipunguzwa hadi eka 600,000. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule mkubwa umekwisha. Zaidi ya pauni milioni 35 za walipa kodi wa Uingereza zilifutwa katika vitabu kama fedha iliyopotea. Karanga zilizovunwa hazikukaribia hata kidogo zile tani 600,000.

4. TUPIME KAZI MOJA MOJA

Wahenga walisema, kamba hukatikia pembamba. Mpango mkubwa una kazi nyingi ndani yake, na ukitaka kujua hatari huupimi wote kwa neno moja. Unapima kila kazi peke yake, ukitafuta mahali penye wembamba.

Kwanza, kuijua ardhi na mvua. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikiisha na jua likiwaka, huwa mgumu kama saruji. Karanga hukomaa chini ya ardhi, na udongo ukishika hivyo, kuzichimbua ni kazi kubwa. Tena mchanga wake ulikuwa ukila majembe ya mashine kama tupa. Na mvua ya Ugogo ni ya kigeugeu. Mwaka 1949 ukame uliharibu mavuno. Mambo haya hayakuwa siri, maana kila mkulima wa Kigogo aliyafahamu tangu utoto. Lakini hakukuwa na shamba la majaribio lililolimwa kwanza kwa miaka kadhaa na kupimwa. Kazi ya kuijua ardhi ilikuwa katika ngazi ya kwanza.

Pili, kufyeka. Vichaka vya Kongwa ni vizito, vya miiba, vimefungamana, na katikati yake kuna mibuyu. Hakuna aliyekuwa na utaratibu uliojaribiwa wa kufyeka pori la namna ile kwa mashine. Ulipatikana kwa kujaribu hapo hapo. Mafundi waligundua kwamba mnyororo mzito wa nanga ya meli, ukivutwa na matrekta mawili, huangusha miti. Huo ulikuwa werevu mzuri. Lakini baada ya kuangusha miti, mizizi ilibaki ndani ya ardhi ikavunja majembe. Makadirio ya gharama yalikuwa yamekwisha kuandikwa London kabla mtu hajajua kung'oa eka moja kunagharimu nini.

Tatu, mashine na vipuri. Baada ya vita matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi. Mengine yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumiwa na majeshi, mpaka huko Ufilipino. Tena vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers. Mashine za namna nyingi zina vipuri vya namna nyingi, na madereva wengi walikuwa wanajifunza wakiwa kazini. Kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imeharibika. Trekta lililosimama kwa kukosa kipuri halina tofauti na jiwe.

Nne, usafiri. Mizigo mingi ilipitia bandari ya Dar es Salaam, ambayo haikuwa tayari kwa mzigo kama huo, kisha ikapanda reli moja. Mizigo ikalundikana bandarini. Hakuna aliyepima mapema kwamba bandari na reli zinaweza kupitisha tani ngapi kwa mwezi, na mpango unahitaji tani ngapi.

Tano, watu. Maelfu ya wafanyakazi walikusanyika, na bei za vitu zikapanda huku mishahara ikiwa midogo. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na migomo ikasambaa kufuata reli mpaka ikafika Kongwa. Mpango ulikuwa umehesabu eka na matrekta kwa makini kuliko ulivyohesabu chakula na malipo ya mtu anayefanya kazi.

Sita, vitabu vya hesabu. Hapa ndipo ninawaomba msikilize kwa makini zaidi. Shirika lilipotoa hesabu zake za mwaka ulioishia Machi 1949, wakaguzi walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vimetunzwa inavyopasa. Fikirini maana yake. Shirika lililokabidhiwa mamilioni ya pauni halikuweza kuonyesha sawasawa lina mali gani ghalani. Mama wa maandazi mwenye kibaba na daftari alikuwa amelipita shirika hilo kwa ngazi moja au mbili.

Basi tumepima kazi sita, na zote sita zimeonekana katika ngazi ya kwanza, au mguu mmoja umeanza kugusa ya pili. Na mzigo je? Eka milioni tatu na zaidi. Ile nafasi kati ya ngazi na mzigo, ambayo tulisema ndiyo hatari, ilikuwa pana kuliko bonde la Ufa.

(Kiongozi wa darasa: nyamaza kidogo. Uliza darasa: Kama wewe ungekuwa waziri mwaka 1946, ungeuliza swali gani kabla ya kutia sahihi?)

5. KIPIMO KINGESEMA NINI?

Wengine husema Kongwa ilianguka kwa sababu ya ukame. Wengine husema ni kosa la mtu fulani, au chama fulani cha siasa huko Uingereza. Ukame ulikuwapo kweli, na makosa ya watu yalikuwapo. Lakini maelezo hayo hayatusaidii kwa kesho. Ukame utakuja tena, na watu watakosea tena. Kipimo cha ngazi kinatuuliza jambo jingine: Je, kazi ilipangwa kwa namna ambayo kosa dogo lingeonekana lingali dogo?

Kipimo hakingesema, "Msilime karanga." Kingesema, "Anzeni na shamba moja." Shamba moja la eka 30,000 ni sehemu moja tu katika 107. Hata hilo ni kubwa. Pengine kingesema anzeni na eka mia chache, mpime mvua miaka mitatu, mwandike gharama ya kung'oa kila eka, mfundishe madereva, mpange ghala la vipuri. Hasara ya eka mia chache ingekuwa karo ya shule. Hasara ya pauni milioni 35 ilikuwa karo pia, lakini shule hiyo ilikuwa ghali mno.

Kwa nini hawakufanya hivyo? Walikuwa na haraka. Watu wa Uingereza walikuwa na njaa ya mafuta, na serikali ilitaka jibu mara moja. Haja yenyewe ilikuwa ya kweli, si ya upuuzi. Hata hivyo haja haipandishi ngazi. Njaa yako haimfanyi mpishi ajue kupika upesi.

Na tuone yaliyofuata. Mwaka 1955 kazi iliyobaki ilikabidhiwa shirika la kilimo la Tanganyika. Shirika hilo liliendelea kwa kiasi kidogo zaidi: ng'ombe Kongwa, tumbaku Urambo, na mashamba ya wakulima Nachingwea. Urambo, upande wa Tabora, imejulikana kwa tumbaku yake hata baada ya Uhuru. Huko kusini bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga na kufunguliwa mwaka 1954, inatumika hata leo, ingawa reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa baadaye. Kongwa yenyewe, katika miaka ya 1960, ilipokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliopiga kambi pale. Kwa hiyo nchi haikupoteza kila kitu. Lakini yaliyodumu ni yale yaliyofanywa kwa kiasi kinachoweza kusimamiwa.

Sasa tazameni mfano wa upande wa pili. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kulinda na kuuza zao lao. Hawakuanza na mamilioni ya eka. Kila mtu alikuwa na kihamba chake. Mwaka 1932 sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika cha KNCU kikaanza, kikiunganisha vyama vidogo vya vijijini. Kila chama kidogo kilikuwa na mizani yake, kitabu chake na mkutano wake. Kazi ya kupokea kahawa, kupima na kuandika ilikuwa ile ile, msimu baada ya msimu.

Je, hakikupata misukosuko? Kilipata. Mwaka 1937 palikuwa na ghasia, maana wakulima wengi hawakupenda kulazimishwa kuuza kahawa yao kwa chama. Hii inatufundisha kwamba utaratibu mzuri wa vitabu hautoshi kama wanachama hawakuelewa wala kukubali. Lakini chama kilipita misukosuko hiyo kikaendelea, kwa sababu mzigo wake ulikuwa umekua pamoja na uwezo wa kuubeba.

6. JINSI YA KUTUMIA KIPIMO

Ndugu wasikilizaji, huhitaji kuwa mkaguzi wa serikali ili utumie kipimo hiki. Unahitaji kujua kusoma, kuandika na kuuliza. Chama chako kikitaka kununua mashine ya kusaga, au lori, au kukopa fedha benki, fanya hivi.

Andika kazi zote zilizomo katika mpango, moja moja. Kwa mashine ya kusaga ni hizi: kupokea nafaka, kuendesha mashine, kutunza mafuta na vipuri, kupokea fedha, kuandika vitabu.

Kwa kila kazi uliza maswali matano. Je, tuliwahi kuifanya ikafaulu, au tunabahatisha? Je, tunaweza kuirudia vile vile? Imeandikwa, mtu mwingine aweze kuifanya? Tunaipima kwa hesabu? Hesabu hizo zimewahi kutufanya tubadili kitu? Mahali unapojibu "hapana" kwa mara ya kwanza, umesimama hapo.

Usikubali jibu la mdomo peke yake. Mtunza hazina akisema, "Vitabu viko sawa," mwambie kwa adabu, "Ndugu mtunza hazina, naomba tuvione." Hakuna ubaya katika kuomba hivyo. Mtunza hazina mwema hufurahi kuonyesha kazi yake.

Kisha tazama kazi iliyo chini kuliko zote. Hapo ndipo kamba itakapokatika. Ukiona mwendesha mashine ni hodari lakini hakuna kitabu cha fedha, hatari yenu iko katika fedha, si katika mashine.

Mwisho, linganisha na mzigo. Kama mkishindwa mtapoteza kiasi gani? Kama ni kiasi mnachoweza kuvumilia, anzeni mkajifunze. Kama mtapoteza mashamba yenu, punguzeni mzigo au pandisheni ngazi kwanza.

Hata hivyo nina maonyo mawili. La kwanza, karatasi si kazi. Pengine watu wataandika utaratibu mzuri, waufungie kabatini, na kuendelea kubahatisha. Anayepima lazima aende ghalani aone kama kinachofanywa ndicho kilichoandikwa. La pili, ngazi ya juu haiondoi hatari yote. Nzige hawasomi daftari, na bei ya soko la dunia haituulizi. Lakini mwenye daftari huona mapema kwamba mambo yamebadilika, na kuona mapema ni nusu ya kuokoka.

Tangu zamani wakubwa wamewapima watu wadogo. Bwana shamba amempima mkulima, mwajiri amempima mfanyakazi. Kipimo cha ngazi kinampa hata mdogo haki ya kumpima mkubwa. Mpango ukija kijijini kwako na matrekta yake, unaweza kuuliza: Mmejaribu wapi? Mmeandika wapi? Mmepima nini? Laiti maswali hayo matatu yangeulizwa kwa nguvu mwaka 1946, na majibu yakangojewa.

Somo letu limekwisha. Sasa darasa liendelee na maswali yaliyo hapa chini. Kwaherini, na msikilize vizuri tena katika somo lijalo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja ngazi tano kwa mpangilio, kuanzia chini. Kwa nini haifai kuruka ngazi?
2. Tafuta kwa hesabu: mpango wa karanga ulikuwa na mashamba 107 ya eka 30,000. Jumla ni eka ngapi?
3. Katika kazi sita tulizozipima Kongwa, ipi ingeweza kurekebishwa kwa fedha kidogo zaidi kabla ya kuanza? Eleza sababu.
4. Chagueni kazi moja inayofanywa na chama chenu. Iko katika ngazi ya ngapi? Mna ushahidi gani?

MANENO YA KUJIFUNZA

Kukadiria: kutaja kiasi kabla ya kupima, kwa kutumia akili na ujuzi.
Mkaguzi: mtu anayechunguza vitabu vya hesabu.
Kipuri: sehemu ya mashine inayowekwa badala ya iliyoharibika.
Ukomavu: hali ya kuwa tayari, kama tunda lililoiva.
Utaratibu: mpango wa kufanya kazi hatua kwa hatua.